Ni mimi huyu, au ni dawa? Angalia saa kwanza

Swali: "Shikamoo daktari. Nina miaka 34, na mwaka huu ndipo nilipogundulika kuwa na ADHD, ile hali ya umakini kutawanyika na kushindwa kujizuia. Nimeanzishiwa methilifenideti, kapsuli ya kutoa dawa polepole, naimeza saa moja asubuhi. Nilianza na miligramu 20, na wiki tano zilizopita nikapandishwa hadi 30. Kazini nimekuwa mtu mwingine, ninachokianza nakimaliza. Lakini mume wangu anasema nimekuwa mkavu, sicheki tena. Halafu ikifika saa kumi jioni nawaka kwa jambo dogo tu, na usiku najilaumu. Dawa hii inafanya nini hasa kwenye ubongo? Inanibadilisha tabia? Ni mimi huyu, au ni dawa?"

Marahaba, dada. Umeandika mambo mawili ukayafunga kwenye kifurushi kimoja: ukavu wa mchana na hasira za saa kumi. Kwenye ubongo hayo hayana chanzo kimoja. La kwanza kwa kawaida hutokea dawa ikiwa imejaa, la pili hutokea ikiwa inaondoka. Ndiyo maana mgonjwa akiniambia "dawa imenibadilisha", swali langu la kwanza huwa: saa ngapi?

Nianze na kinachotokea kichwani, maana bila hicho ushauri wangu utaonekana wa kubahatisha.

Seli za neva hazishikani. Kati ya moja na nyingine kuna upenyo mwembamba, sinapsi, na ujumbe huvuka hapo kwa kemikali. Mbili zinatuhusu leo: dopamini na noradrenalini. Seli moja inaitema kemikali, jirani yake inaidaka kwa vipokezi, kisha pampu ndogondogo zilizo kwenye ukuta wa ile iliyotema zinaifyonza irudi ndani itunzwe kwa ujumbe ujao. Methilifenideti huenda kukaa kwenye pampu hizo na kuziziba. Haikutengenezei dopamini mpya. Inaichelewesha kuondoka ile uliyonayo, na ujumbe uliokuwa ukifutika kabla haujasikika unapata muda wa kusikika. Miaka ya 1990 mtafiti wa ubongo Nora Volkow na wenzake huko Marekani waliipiga picha hali hii kwa mashine za PET, zinazoonyesha kemikali zikifanya kazi ndani ya ubongo, wakaona kwamba dozi za kawaida za kumeza huziba nusu au zaidi ya pampu za dopamini.

Amfetamini, kundi la pili la dawa za ADHD, ina ujeuri zaidi. Hupita kwenye pampu hizo hizo ikaingia ndani ya seli, ikavivuruga vifuko vinavyotunza dopamini, na pampu zikaanza kufanya kazi kinyumenyume: zilizokuwa zikifyonza sasa zinamwaga. Ndiyo sababu dawa hizi mbili, ingawa zote huitwa vichangamshi, hazigusi hisia za watu sawasawa. Tafiti zilizojumlishwa za watoto zinaonyesha kwamba hasira na wepesi wa kulia vinaandamana zaidi na amfetamini kuliko na methilifenideti. Aliyeshindwa na moja halazimiki kushindwa na nyingine.

Najua wapo watakaoshtuka hapa: kumbe ndicho wanachokifanya waraibu? Tofauti kubwa iko kwenye kasi. Dopamini ikipanda ghafla, ndani ya sekunde au dakika chache, kama pale dawa inapovutwa puani au kudungwa mshipani, mtu analewa. Ikipanda taratibu kupitia tumboni kwa muda wa saa nzima na zaidi, kwa dozi ya tiba, mwenye ADHD mara nyingi anatulia tu. Lisdeksamfetamini imeundwa kwa kufuata mantiki hiyo: amfetamini imefungwa pamoja na asidi-amino ya laisini, na haianzi kazi mpaka seli nyekundu za damu ziikate ile kamba. Kwa sababu iyo hiyo, chembechembe zilizomo kwenye kapsuli yako hazitafunwi wala hazisagwi. Ukizisaga umeigeuza dawa ya siku nzima kuwa dawa ya ghafla.

Sasa twende nyuma ya paji la uso. Sehemu hii ya mbele ya ubongo ndiyo tunayopangia mambo, tunayojizuilia, tunayoitumia kulimeza neno lililokwisha kufika mdomoni. Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale ameichunguza kwa miaka mingi, na ameonyesha jinsi kemikali zetu mbili zinavyogawana kazi hapo. Noradrenalini, kupitia vipokezi vya alfa-2A, huikuza sauti ya ujumbe unaotakiwa. Dopamini, kupitia vipokezi vya D1, huzipunguza kelele za pembeni. Zikiwa haba, mawazo yanatawanyika. Zikiwa za kadiri, yanakaa. Zikizidi, seli za eneo hilo zinaanza kunyamaza, hata ujumbe mzuri haupiti. Kwa hiyo dawa ile ile iliyokutoa kwenye upungufu inaweza kukuvusha hadi upande wa pili wa kilima, na huko hujui kama umevuka, kwa kuwa kazi bado inakwenda. Anayejua ni mumeo.

Ukavu wako nauona hapo. Ulikuwa sawa na miligramu 20, ukapanda hadi 30, na malalamiko ya nyumbani yakaanza. Hujaniambia kama yaliwahi kuwepo kabla ya wiki hizo tano. Kama hayakuwepo, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni dozi.

Lakini kuna sababu nyingine inayonivutia zaidi, na hapa naomba uniruhusu nibomoe kidogo kile kinachosemwa kila mahali kwamba dopamini ni "kemikali ya furaha". Kazi yake iko karibu zaidi na kuweka alama: hili lina maana, lifuate. Mwaka 2004 kundi la Volkow lilichapisha jaribio ambalo hulirudia sana kwa wagonjwa wangu. Watu 16 wenye afya walipewa methilifenideti, kisha wakafanya hesabu kwa malipo. Siku nyingine, baada ya dawa hiyo hiyo, walitazama tu picha za mandhari. Dopamini ilipanda wakati wa hesabu. Wakati wa mandhari haikupanda hivyo, na waliofanya hesabu walisema zimewavutia kuliko walipofanya bila dawa. Kwa maneno mengine dawa haimwagi utamu kwenye kila kitu. Inakipandisha bei kile ulichokishika mkononi. Ukikishika kijedwali cha ofisini tangu saa tatu hadi saa nane, bei ya kijedwali inapanda, na utani wa mtu aliyeketi pembeni yako unashuka hata uwe mzuri namna gani. Unausikia, unauelewa, haukugusi. Hii ni tafsiri yangu, sikuitoa kwenye jaribio lenyewe, lakini inalingana mno na wanayonieleza watu.

Wala si jambo lililogunduliwa jana. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, kwenye hospitali ya watoto wenye matatizo ya tabia huko Rhode Island nchini Marekani, aliwapa watoto 30 amfetamini iliyoitwa Benzedrine. Watoto 14 walibadilika kwa namna ya kushangaza darasani, na hicho ndicho kinachosimuliwa. Kisichosimuliwa sana ni kwamba aliandika pia kuwa 15 walipoa waziwazi katika hisia zao. Kwa Bradley kupoa huko kulikuwa sehemu ya nafuu, kwa kuwa wengi wao walikuwa watoto wa vurugu. Kwa mtu aliyekuja akitafuta umakini tu, kupoa huko huko ni hasara. Maoni yangu ni kwamba mgonjwa ana haki ya kuuhesabu ukavu kama madhara ya dawa hata kama kazini anasifiwa, na daktari anayeushusha kwa kusema "lakini si unafanya kazi?" anapima nusu ya maisha ya mtu.

Tuje kwenye saa kumi. Nusu ya methilifenideti iliyomo kwenye damu huondoka kila baada ya saa mbili hadi tatu, kwa hiyo kapsuli zimebuniwa zitoe dawa kwa awamu. Aina iliyo ya kawaida hubeba chembechembe za namna mbili: nusu huyeyuka mara moja, nusu baada ya saa nne hivi. Ukimeza saa moja asubuhi, mkupuo wa kwanza unafika kileleni kati ya saa mbili na saa nne, wa pili unafika kileleni saa sita au saa saba mchana, na ikipita saa tisa umeanza kushuka mlima. Pampu zilizokuwa zimezibwa zinafunguka kwa pamoja. Ubongo uliokuwa ukisaidiwa kutwa nzima unaachwa peke yake, tena saa ambayo umechoka kuliko zote. Dalili zinarudi, na kwa baadhi ya watu zinarudi kwa nguvu kuliko zilivyokuwa asubuhi kabla ya kumeza. Ile breki ya kulimeza neno ni ya kwanza kuachia. Naweza pia kubahatisha kwamba mchana hukula, kwa kuwa dawa imeiondoa njaa, na sasa njaa yote inarudi kwa mpigo mmoja. Mtu mwenye njaa, aliyechoka, ambaye breki yake imeachia: huhitaji kemia kujua atakavyojibu.

Nikuonyeshe ukurasa mmoja. Mgonjwa wangu mmoja, mwalimu, alikuwa na malalamiko kama yako. Nilimwomba abebe kijidaftari siku saba, aandike saa na jambo, asieleze sana. Siku ya tatu ilisomeka hivi:

"Saa 1.10, nimemeza, kahawa tupu. Saa 2.20, kelele kichwani zimeshuka. Saa 4.45, nimesahihisha madaftari 30, mwenzangu katoa kichekesho, nimeelewa, sijacheka. Saa 7, sina njaa. Saa 9.30, sauti za watoto zinaniudhi. Saa 10.05, nimemfokea mwanangu kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Saa 12, nimekula. Nimetulia. Naona aibu."

Kile kijiko kilinisaidia kuliko dodoso. Angalia alivyotulia saa kumi na mbili, bila kuongeza dawa yoyote, baada ya chakula na baada ya mteremko kwisha. Angalia pia kichekesho kimeangukia saa 4.45, dawa ikiwa juu. Tulishusha dozi ngazi moja, akakubali kula mchana kwa kutazama saa wala si kwa kusubiri njaa, na baada ya wiki mbili tukaongeza kidonge kidogo cha muda mfupi saa nane na nusu ili mteremko uwe wa ngazi badala ya korongo. Ukavu uliisha. Hasira zilipungua, hazikuisha, kwa sababu mwanawe ana miaka sita.

Kuna muundo wa tatu ambao lazima niutaje, kwa kuwa ndio tunaoukosea sana. Ni pale hali mbaya isipofuata saa. Umeamka saa kumi na moja alfajiri, damu haina hata tone la dawa, na bado dunia haina ladha. Au siku ambayo hukumeza kabisa mambo ni yale yale. Hapo naacha kuilaumu kapsuli, naanza kuuliza habari za sonona na wasiwasi, ambazo huandamana na ADHD mara nyingi sana. Methilifenideti haigusi serotonini kwa kiasi cha maana, kwa hiyo usitarajie ifanye kazi ya dawa za sonona, ingawa maisha yakinyooka moyo nao hufuata. Na kwa waliogundulika ukubwani kuna huzuni moja isiyo na jina kwenye vitabu vyetu: miezi ya mwanzo mtu anaanza kuhesabu miaka aliyoitwa mvivu. Dawa inapokufungua macho, hicho nacho unakiona. Hilo tunalizungumza, halitibiwi kwa miligramu.

Wanawake wengi pia huniambia kwamba siku chache kabla ya hedhi dawa "inagoma" na hasira zinapanda. Liandike nalo kwenye kijidaftari.

Ikiwa kushusha dozi kutaleta ucheshi lakini kuondoe umakini, daktari wako bado ana njia. Anaweza kubadili aina ya kapsuli, kwa kuwa zipo zinazofanya kazi kwa muda wa saa 8 na zinazofanya kazi kwa muda wa saa 12. Anaweza kukuhamishia kwenye dawa za upande wa amfetamini. Au anaweza kutoka kabisa kwenye vichangamshi akaja kwenye atomoksetini, ambayo huziba pampu za noradrenalini peke yake. Hapa kuna jambo zuri la kimaumbile: sehemu ya mbele ya ubongo ina pampu chache sana za dopamini, kwa hiyo dopamini ya pale hufyonzwa na pampu za noradrenalini. Ukizizuia hizo umepandisha zote mbili mbele, huku maeneo ya ndani yanayohusika na uraibu yakibaki kama yalivyo. Haina mteremko wa saa kumi. Gharama yake ni subira, inataka wiki kadhaa kabla hujaijua, na si miili yote inayoichakata sawa: kwa mtu wa kawaida nusu yake huondoka baada ya saa tano hivi, na kwa wale ambao kimeng'enya cha ini kinachoivunja hufanya kazi polepole, baada ya saa 21 hivi. Kwa watoto na vijana ina onyo la kuchunga mawazo ya kujiua, hasa miezi ya mwanzo. Guanfasini na klonidini hufuata njia nyingine, zinakwenda moja kwa moja kwenye vile vipokezi vya alfa-2A. Ni nzuri kwa wenye moto wa haraka, ila zinaleta usingizi na kushusha shinikizo la damu, na haziachwi ghafla kwa sababu shinikizo linaweza kuruka juu.

Chochote kati ya hivi kiamuliwe na anayekuandikia dawa. Usifungue kapsuli ukajipimia nusu.

Uliuliza kama dawa inakubadilisha. Kwa maana ya tabia yako, ulivyo, jibu langu ni hapana: hali unayoieleza hutoka na dawa, ndani ya saa chache, na ikirekebishwa dozi mtu hurudi. Kwa maana ya ubongo kujirekebisha, ndiyo, kiasi fulani. Mwaka 2013 timu hiyo hiyo ya Volkow iliwapiga picha watu wazima 18 wenye ADHD ambao hawakuwahi kutumia dawa, ikawapa methilifenideti kwa mwaka mmoja, kisha ikawapiga picha tena. Pampu za dopamini zilikuwa zimeongezeka kwa asilimia 24 kwenye maeneo ya ndani ya ubongo. Ni kama seli zilishtukia kwamba pampu zinazibwa, zikatengeneza nyingine. Kundi ni dogo, sitalijengea nyumba, lakini linaeleza kwa nini baadhi ya watu huhisi dawa imepungua makali baadaye, na kwa nini siku ya kuikosa huwa nzito kidogo. Hiyo ni sababu ya kuipitia dozi upya mara kwa mara, wala haimaanishi kwamba kuna kitu kimeharibika.

Kahawa usiichanganye na asubuhi hizi kwa sasa, kwani inaongeza mapigo ya moyo na kuuficha mteremko wenyewe tunaoutafuta. Na kama ungekuwa umetumia dawa za sonona za kundi la MAOI ndani ya siku 14 zilizopita, methilifenideti isingepaswa kuguswa kabisa. Mwambie daktari kila unachomeza.

Yapo yasiyosubiri kijidaftari. Ukisikia sauti zisizokuwepo, au ukianza kuamini watu wanakupangia njama, acha kumeza na uonwe siku hiyo hiyo. Hutokea kwa nadra, karibu mtu mmoja kati ya 1000 kwenye majaribio ya watoto, lakini hutokea. Vivyo hivyo ukilala kwa muda wa saa tatu tu ukaamka mwepesi ajabu, maneno yanakimbizana, fedha zinatoka ovyo: huenda ni ugonjwa wa hisia za pande mbili (bipolar) uliokuwa umejificha, na utafiti mkubwa wa kumbukumbu za wagonjwa wa Sweden ulionyesha kuwa kwa wenye ugonjwa huo methilifenideti bila dawa ya kutuliza hisia huongeza hatari ya mtu kupanda hivyo. Kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua hivyo, useme hata kama hujaulizwa. Maumivu ya kifua, kuzimia, au wazo la kujidhuru: hospitali, leo.

Kwa yaliyobaki, omba miadi ya wiki ijayo na uanze kijidaftari kesho. Andika saa ya kumeza, saa ya kula, saa uliyocheka, saa uliyowaka. Siku moja ambayo huna kazi umeza kama kawaida lakini ukae na watu wako tangu saa nne hadi saa saba, usiguse kompyuta, uone kama kicheko kipo. Kikiwepo, tatizo ni ulichokishika mkononi zaidi ya dozi. Na mwombe mumeo naye aandike, kwenye karatasi yake, bila kuchungulia yako. Mzikunjue mbele ya daktari kwa pamoja.